Mawe Mawili ya Nyumba Moja

Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatusemezani kwa siku kumi na moja, na huo ndio mwanzo wa balaa lote. Wengine watakuambia mwanzo ni kufa kwa mzee Gera, kiongozi wa ukoo wetu, aliyezimika kipupwe kile akiwa na kipande cha mkate mkononi. Si kweli. Mzee Gera alikufa kwa uzee wake, hakumkosea mtu. Mwanzo ni jiwe la kusagia.

Nilimwazima jirani jiwe letu la juu, kwa asubuhi moja tu, maana lake lilikuwa limepasuka. Bibi Naama aliporudi kisimani akalikuta jiwe la chini limekaa peke yake, alipiga kelele mpaka mbuzi wakaacha kula.

"Umeazima jiwe la juu? Hilo ndilo uhai wa nyumba! Kesho utaazima nini, roho ya mtoto? Mwanangu ameoa mwanamke gani huyu!"

Nami nina ulimi, sikatai. Nikamjibu neno ambalo sitalirudia hapa. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza kupitia kwa mwanangu Ohadi, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na hajui kusema.

"Ohadi, mwambie mama yako uji unaungua."

"Ohadi, mwambie bibi yako na mimi nina pua."

Mume wangu Yashubu alikuwa juu malishoni na mbuzi, na hata angekuwepo asingesaidia kitu. Ni mtu mwema, lakini kwake kukata shauri kulikuwa kama kung'olewa jino. Jioni angesimama mbele ya mbuzi wawili asijue amkamue yupi kwanza, mpaka mmoja alie. Ukimwuliza, "Baba Ohadi, leo tupike dengu au kunde?" atakujibu, "Wewe unaonaje?" Nilimpenda hivyohivyo, ila kuna siku nilitamani kumpiga mchi.

Basi shayiri ikaanza kupauka, na sisi hatuna kiongozi. Kwetu Beth-Elon hakuna anayetia mundu shambani kabla kiongozi wa ukoo hajakata mganda wa kwanza na kuuinua mbele za BWANA. Masuke yamwagike, watoto walie njaa, watu wa ngamia waonekane kule bondeni wakija kupora, mundu hautiwi. Na kiongozi hatumchagui sisi. Nyumba kumi na nne zinaleta mawe kumi na nne, na BWANA anachukua moja.

Mlawi wetu, Shelomi, alipanda kutoka upande wa pili wa mlima akaketi langoni tangu alfajiri, uso kaufunika, pindo la vazi kalikunja mapajani kama kapu. Kila nyumba inakuja kwa wakati wake na jiwe lenye alama yake, inalitumbukiza pindoni, inakwenda zake. Mlawi haoni nani amekuja, wala watu hawasimami kutazama, hilo ni la mtu na Mungu wake. Jua likifika utosini anayahesabu kwa vidole, anaomba, anachomoa moja. Mengine yanamwagwa kwenye kisima kikavu bila kuangaliwa. Kuyaangalia ni kama kumwuliza BWANA kwa nini hakumchukua fulani.

Mwenye nyumba akiwa hayupo, jiwe linapelekwa na mkubwa aliyebaki nyumbani. Kwetu mkubwa alikuwa nani? Mke, au mama wa mwenye nyumba? Katika nyumba yenye akili mngeulizana asubuhi na mambo yangekwisha. Mimi nilichonga alama yetu, jicho la mbuzi, kwenye kokoto, nikashuka langoni karibu na adhuhuri, nikaitumbukiza, nikarudi kupepeta dengu. Sikumwambia mtu. Ohadi alikuwa amelala.

Jua lilipofika utosini sote tukakusanyika langoni, Shelomi akahesabu. Kumi na nne. Akaomba, akachomoa, akaufunua uso na kuliinua jiwe juani.

"Jicho la mbuzi," akasema.

Mmoja akacheka, halafu akaona hakuna mwenzake anayecheka. Sote tulikuwa tumeshajua atakuwa Ithrani. Ithrani ana mabega, ana sauti, ana mashamba matatu ya chini, na kaka yake aliuawa na watu wa ngamia miaka mitatu iliyopita akiilinda shayiri yetu. Nilimtazama nikidhani amekasirika. Alikuwa ameinamisha kichwa tu.

Wakatumwa watu malishoni. Yashubu akaja mbio, majani kichwani, anahema.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Shelomi akamwambia. "Umechukuliwa."

"Nimechukuliwa kwenda wapi?"

Ilibidi wamketishe chini. Mlawi akammiminia mafuta kidogo kwenye paji la uso, akamwambia aoge siku tatu, asimguse mke wala maiti, na siku ya nne akate mganda. Yashubu alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, mafuta yakimwingia jichoni. Nilisikia fahari mpaka nikaona aibu.

Tulipofika nyumbani, Bibi Naama alifunga mlango, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja akaniambia mimi, si mtoto.

"Hogla, binti yangu, yaishe. Umeona lile jiwe nililopeleka alfajiri lilivyoinua nyumba hii?"

"Jiwe gani, mama?"

"Jiwe la nyumba. Nimelichonga mwenyewe jana."

Nikamwangalia. Yeye akaniangalia. Nadhani niliona damu ikishuka usoni mwake kama maji yanavyoshuka mtungini.

"Na wewe ulipeleka?" akauliza polepole.

"Nilipeleka."

"Mungu wa baba zetu!" Akaketi juu ya gunia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kupitia kwa Ohadi?"

Msidhani ni jambo dogo. Sisi tumelelewa na habari ya nyumba iliyoficha kitu kimoja cha haramu chini ya sakafu, ikapigwa mawe yote, baba, watoto, mpaka punda. Mama yangu alikuwa akitusimulia hiyo ili tusiibe zabibu. Na sisi hatukuficha kitambaa wala dhahabu. Tulikuwa tumeitia mikono yetu katika kura ya BWANA.

Bibi Naama ndiye aliyepona kwanza. "Sikiliza. BWANA akitaka jiwe moja katika elfu, atalipata. Mawili yanamzuia nini? Angemtaka Ithrani, angemchukua Ithrani."

"Basi kwa nini Mlawi anahesabu?"

"Kwa nini wewe una maswali ya kuua watu?"

"Na kama amehesabu kumi na nne," nikasema, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma, "na yetu yalikuwa mawili, basi kuna nyumba ambayo jiwe lake halikuwemo."

Alihesabu kwa vidole, akatumia na vya Ohadi. Akarudia. "Kumi na tatu, na letu la pili. Ee BWANA. Nani hakupeleka?"

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Niliona kama tumekaa kitini pa mtu. Labda mjane fulani alichelewa, labda mgonjwa, na BWANA alikuwa akimtafuta huyo pindoni, hakumkuta, akatukuta sisi mara mbili. Kesho yake nikachukua bakuli nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiomba chachu. Kila mlango nililia shida ya unga, halafu nikapenyeza: "Na kwenu nani alipeleka jiwe?" Watu wanapenda kueleza. Huyu alipeleka mwenyewe, yule alimtuma baba yake mwenye mguu mbovu akabebwa na punda. Mke wa Ithrani akasema, "Mume wangu alikwenda kabla hata ya jogoo." Nyumba zote kumi na tatu zilikuwa zimepeleka. Nikarudi na chachu ya kuumua mkate wa kabila zima, na sielewi kitu.

Huku nyuma mume wangu alikuwa anageuka mtu mwingine mbele ya macho yangu. Anaoga, anarudi, anasimama wima. Sijawahi kujua kwamba ni mrefu. Siku ya pili wazee walikuja kumwuliza mavuno yaendeje, nami nikakaa nyuma ya pazia nikimwomba BWANA asije akawaambia, "Ninyi mnaonaje?"

Hakusema hivyo. Alisema, "Mwaka huu hakuna nyumba itakayovuna shamba lake peke yake. Nyumba zote kumi na nne tutaanza shamba la chini kabisa, lililo karibu na bonde, tukwee pamoja shamba kwa shamba mpaka la juu."

"La chini?" mzee mmoja akashtuka. "Si ndiko wanakotokea watu wa ngamia? Miaka yote tunavuna la juu kwanza na kuficha pangoni."

"Miaka yote tunawaachia la chini," Yashubu akasema. "Na wakishalila, wanapanda."

Wazee wakatazamana. Sauti ilikuwa ileile iliyoshindwa kuchagua mbuzi. Mmoja akanong'ona kwamba roho ya BWANA imemjia, wakainama, wakaondoka kwenda kunoa miundu. Na mimi nyuma ya pazia nikaanza kujiuliza. Kama BWANA ndiye aliyemchukua, basi hiyo ni hekima. Kama ni mimi na mama mkwe tuliomchukua, basi huyo ni Yashubu tu, na Yashubu anatupeleka sisi na watoto wetu mdomoni mwa watu wa ngamia. Maneno ni yaleyale. Nilijaribu kuyapima kwa kila namna na sikuweza kujua.

Siku hiyohiyo, wakati wa jua kali ambapo hakuna mtu kisimani, nilikwenda kuteka maji ili nikae peke yangu. Ithrani akanifuata. Alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mwanamume, akavua kilemba akafuta jasho.

"Mama Ohadi, unatafuta nini katika nyumba za watu?"

"Chachu, shemeji."

"Usinifanye mtoto. Chachu bakuli tano?" "Nani amekuambia? Mke wangu?"

Mimi nilikuwa sijui anasema nini. Lakini nimekuambia nina ulimi, na ulimi wangu siku nyingine una akili kunizidi. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kukamvuta.

Akaingiza mkono mshipini, akatoa kokoto. Ilikuwa na alama ya nyumba yake, mistari mitatu na mduara.

"Nilitia mkono nikautoa umefungwa," akasema. "Mlawi hakujua. Sikuweza, mama Ohadi. Kila mtu alishaniweka kitini kabla ya BWANA. Nikaona nikilitia, litatoka."

"Na likitoka kuna ubaya gani?"

Aliikunja kokoto kiganjani. "Siku ile ya watu wa ngamia, niliwaambia tulipoteana vumbini, mimi na kaka yangu. Hatukupoteana. Aliniita. Nilikuwa nimelala ndani ya shinikizo la zabibu, lile shimo la kukamulia divai, nimejifunika matawi, akaniita kwa jina mara tatu, nami nikaziba masikio. Mtu kama huyo akate mganda? Ainue mikono mbele za BWANA?"

Huruma ilinikamata, na hasira pia, na juu ya vyote mchanganyiko kichwani ambao sijapata kuwa nao. Mmoja amelizuia la kwake kwa woga, sisi tumezidisha letu kwa ugomvi, hesabu ikatimia. Je, ni BWANA aliyeyapanga makosa yetu yakafanana, au ni makosa tu? Nilitaka kumwuliza mtu. Mtu mwenyewe wa kumwuliza alikuwa Mlawi, na Mlawi ndiye wa kuogopwa kwanza.

"Niapie," Ithrani akasema. "Kwa uhai wa BWANA, kwamba hutasema."

Nikaapa. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa analia, na sikuzoea kuona mabega yale yakilia. Siri yetu sikumwambia. Nilibeba mtungi wangu nikaondoka na siri mbili.

Siku ya tatu sikuweza tena. Yashubu alikuwa uani ananoa mundu, amekwisha oga, nywele mbichi, anajizoeza maneno ya kuinulia mganda. Alikuwa akiyasema kwa sauti nene ya wazee, akikosea, akirudia. Bibi Naama aliponiona natoka alinishika kitambaa cha kichwa. "Usithubutu. Mwangalie alivyo. Maisha yake yote hajawahi kuwa hivyo."

"Ndiyo maana, mama. Watu wanamfuata."

Nikapiga magoti umbali wa hatua tatu, kwa sababu sikuruhusiwa kumgusa, nikamwambia yote ya nyumba yetu. Jiwe lake mama, jiwe langu, siku kumi na moja, Ohadi. La Ithrani sikuligusa, nilikuwa nimeapa.

Hakupiga kelele. Aliendelea kunoa kidogo, halafu akaacha.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Kwa hiyo ninyi wawili mmejua tangu siku ileile," akasema, "na mimi ndiye ninayeoga."

Ningecheka siku nyingine. Nilimwomba anisamehe, nikamwambia maneno ya mama yake, kwamba BWANA akitaka jiwe moja katika elfu atalipata, kwamba labda ndivyo alivyotaka, kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Nilikuwa nimetoka ndani kumwambia ukweli, na sasa namsihi auzike. Sikujua ninataka nini. Yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe unaonaje?" nikamwuliza mwisho, na nikasikia nilichosema.

Aliufunga ule mundu kwenye kitambaa.

Asubuhi ya nne watu wote walikuwa shamba la chini kabla umande haujakauka. Nyumba kumi na nne, na miundu, na vikapu, na watoto mgongoni. Shayiri ilikuwa imeiva hadi inaumiza macho, na bonde mbele yetu tupu, wazi kama mkono. Yashubu alisimama kwenye ncha ya shamba karibu na Mlawi. Shelomi akamwashiria akate.

"Kura ile haikuwa safi," Yashubu akasema. Sauti haikuwa ile nene, ilikuwa yake. "Katika nyumba yangu yalitoka mawe mawili. Mimi ndiye mwenye nyumba, kosa ni langu. Pigeni tena."

Lilitokea zogo. Mwanamke mmoja akapiga ukunga, mwanamume akaokota jiwe, si la kura. Shelomi akainua fimbo.

"Ulijua ulipopakwa mafuta?"

"Nimejua jana."

"Nani aliyepeleka?"

"Nimesema kosa ni langu."

Bibi Naama alikuwa ameninyonga mkono mpaka ukafa ganzi. Mlawi alimtazama mume wangu kwa muda mrefu, halafu akaangalia shayiri, halafu akamwambia yule mtu aliyeokota jiwe, "Litupe. Kuna punje zinaanguka hapa tunaposimama." Akaketi juu ya tuta, akajifunika uso, akakunja pindo. "Kila nyumba. Mwenyewe. Sasa hivi."

Wakaokota kokoto, wakachonga kwa ncha za miundu. Wakapita mmoja mmoja. Yashubu akapita. Nilimwona Ithrani akipita, mkono ukiingia, mkono ukitoka, ngumi imefungwa.

Shelomi akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Kumi na tatu."

"Hesabu vizuri, baba," mtu akasema.

"Nimehesabu maisha yangu yote. Kumi na tatu. Mara ya kwanza yalitimia kwa sababu moja lilizidi. Kwa hiyo kuna nyumba iliyozuia tangu mara ya kwanza." Sauti ilitoka chini ya kile kitambaa, haina uso. "Sitawaambia mmtafute. Nitakaa hapa."

Basi tukakaa. Jua likapanda. Masuke yalikuwa yakipasuka, unayasikia. Watoto wakaanza kulia, mama zao hawawezi kuwapa hata punje moja mpya maana mganda haujainuliwa. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilimwogopa Ithrani asinitazame, nikaogopa zaidi kwamba nisipomtazama watu watajua. Kiapo kilikuwa kimenifunga mdomo. Na mume wangu, asiyejua lolote, akasema kwa upole kabisa, kama anayemsubiri mbuzi anayetaka kuzaa:

"Tutangoja. Mwenye nalo asiogope. Mimi nimeshatangulia kuaibika, hataaibika peke yake."

Ndipo Ithrani akatembea. Kila mtu alimwona. Akafungua ngumi, kokoto ikaanguka pindoni kwa sauti ndogo, na Shelomi hakungoja hata kuomba kwa sauti. Alichomoa, akafunua uso.

"Mistari mitatu na mduara."

Ithrani alipiga magoti palepale na akasema yote, shinikizo, matawi, mara tatu. Mama yake mzee alikuwepo. Alisikia jinsi mwanawe mmoja alivyomwita mwingine. Sitasema alivyolia. Ithrani akamaliza, akauliza, "Bado mnanitaka mimi?"

"Pigeni tena!" wakapaza sauti upande wa nyuma. "Huyu mwoga!"

"Mpaka lini?" Shelomi akasimama. "Mpaka litoke la mnayempenda? Hatukuulizwa tunamtaka nani." Lakini na yeye niliona midomo ikimcheza. Sidhani alielewa zaidi yetu.

Yashubu alifungua kitambaa, akampa Ithrani mundu. Mtu yule mkubwa alikata mganda wa kwanza kama anayekata kidole chake, akauinua, maneno akayakosea kuliko hata mume wangu uani. Kisha akageuka kuwaambia watu, "Tutaanza hapahapa chini, kama Yashubu alivyosema," akaenda kusimama safu ya mbele kabisa, upande wa bonde, mahali ambapo ngamia wangemfikia kwanza. Watu wakamfuata shingo upande.

Tulivuna mpaka adhuhuri. Watu wa ngamia hawakutokea siku hiyo. Nilimpelekea mume wangu mkate na siki, nikaketi karibu naye kwenye mabua. Alikuwa amekunja mgongo tena kama zamani.

"Umenikasirikia?" nikamwuliza.

"La."

"Umefanya vema, baba Ohadi. Mwanamume gani mwingine angefanya vile?"

Alimega mkate, hakula. "Hogla, mtu aweza kusikia ameitwa, na kumbe hakuitwa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Siku ile kule malishoni, kabla watu hawajafika kunichukua. Nilikuwa nimelala chini ya mwamba. Nikasikia jina langu. Si mara moja. Nikaamka, hakuna mtu, mbuzi tu." Aliuangalia ule mkate. "Sikumwambia mtu. Nilidhani mkiniona nimechukuliwa, inatosha."

Kama ni BWANA aliyeita, basi mimi na ulimi wangu ndio tuliomvua alichopewa. Nililia palepale katikati ya shamba, kwa sauti, na wanawake wa nyumba zote kumi na tatu wakageuka kunitazama wakidhani nalilia cheo.